Kaptembwa au Manyatta? Uliza kwanza kazi iliyoujenga mtaa

Mtoto wa kaka yangu amepata kazi ya kuuza dawa za mifugo, na mwajiri amemwachia achague kituo mwenyewe: Nakuru au Kisumu. Mshahara wa msingi ni ule ule. Ana mke, mtoto wa mwaka mmoja na pikipiki. Pesa ya kununua kiwanja hana. Akanipigia simu: "Shangazi, wapi maisha ni nafuu?" Nikamwambia asiniulize mji, aniulize mtaa. Mtu haishi Nakuru wala Kisumu. Anaishi kwenye ploti fulani, kwa landilodi fulani, na jirani wa ukutani anayesikia mtoto wako akikohoa usiku.

Miji hii miwili naijua kwa kuishi. Nilizaliwa Nakuru katika nyumba za reli, nikaolewa Kisumu, na nimehama vyumba mara nyingi hadi nimejua kwamba kodi na ukubwa wa chumba ni mambo ya kuuliza mwisho. La kwanza ni hili: watu waliletwa mtaa huu na kazi gani? Kazi yenyewe huenda ilishakufa, kiwanda kimefungwa, lakini bado ndiyo inayoamua ardhi ni ya nani, choo kiko wapi, foleni ya maji inaongea lugha gani, na nani atakuangalia kwa jicho la pembeni uchaguzi ukikaribia.

Mgeni wa mgeni, mgeni wa mwenyeji

Reli ndiyo iliyoizaa miji yote miwili. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Nakuru 1900, ikafika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao. Waliobaki wakafungua maduka, na wengine wakapata mashamba Kibos, nje kidogo ya Kisumu.

Baada ya hapo njia zikaachana. Nakuru iliota katikati ya mashamba ya walowezi, kwenye ardhi ambayo Wamasai waliondolewa kufuatia mkataba wa 1904. Mashamba yalitaka mikono. Wakikuyu wakaja na familia zao kama maskwota, Waluhya na Wajaluo wakaja kwa reli na viwanda, Wakisii na Wakalenjin nao hawakukosa. Kisumu iliota penye wenyewe. Kuizunguka kulikuwa na maboma ya Wajaluo, na juu ya vilima vya kaskazini Wamaragoli, Waluhya wa Vihiga, watu wetu, ambao ardhi yao ilikuwa imeshaanza kubana na ambao mji kwao ulikuwa mteremko wa kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo Nakuru kila mtu ni mgeni wa mgeni mwenzake. Kisumu kuna mwenyeji. Tofauti hii moja imefanya kazi zaidi ya sera zote za makazi nilizowahi kusikia zikisomwa kwenye redio.

Usidhani ugeni wa Nakuru ulikuwa wa amani. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, Wakikuyu kwa maelfu waliondolewa mashambani Bonde la Ufa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Waajiri wakatafuta watu wengine. Babu yangu alitoka Vihiga wakati huo, akapata kazi upesi kuliko alivyotarajia, na chumba juu yake. Miaka mingi baadaye ndipo alipotuambia kwamba chumba kile kilikuwa na sufuria za mtu na jembe nyuma ya mlango. Hakuwahi kumjua mwenyewe.

Nyumba za baraza la mji, kwa kifupi

Watu wengi huanza kutafuta huku kwa sababu kodi ni ndogo na mtaa uko karibu na mjini: Bondeni, Kivumbini na Flamingo kwa Nakuru, Kaloleni na Shauri Moyo kwa Kisumu. (Majina nayo husafiri na vibarua. Bondeni iko Mombasa, Kaloleni iko Kilifi, Nairobi, Nakuru na Kisumu. Na neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile cheti cha siku ya kazi ambacho nyapara alikiweka alama.)

Mitaa hii ilijengwa kwa fikra moja ya kikoloni: kwamba mfanyakazi Mwafrika mjini ni mwanamume wa kuazimwa, mkewe yuko mashambani, na kipande shingoni kinaonyesha ni mali ya mwajiri gani. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni kimoja kimoja, na choo na bomba ni vya safu nzima. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, ya serikali ya kikoloni kuhusu mishahara, ilipendekeza mshahara wa kutosha kulisha familia badala ya mtu mmoja, na fikra ya nyumba ikaanza kubadilika nayo. Ukitembea mitaa hii unaweza kuisoma historia kwa kuhesabu milango tu.

Ushauri wangu: usipoteze muda. Nyumba hizi hurithishwa. Babu aliandikishwa, mjukuu ndiye anayelala humo, na wewe utapangishwa na mtu ambaye mwenyewe ni mpangaji, baada ya kumpa kitu mkononi. Tena kuna hatari ya siku ya tingatinga. Kisumu, mtaa wa zamani wa Makasembo ulibomolewa kupisha nyumba mpya. Ukiwa mpangaji wa mpangaji, siku hiyo jina lako haliko kwenye orodha yoyote. Waulize pia Wanubi wa Kibos, wajukuu wa askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni: Februari 2021 nyumba zao zilibomolewa kwa sababu ardhi ilihesabiwa kuwa ya reli, baada ya kukaa hapo tangu miaka ya 1930.

Kaptembwa: mtaa wa wenye hisa

Uhuru ulipokuja, mashamba ya walowezi pembezoni mwa Nakuru yalinunuliwa na vyama na kampuni za ununuzi wa ardhi. Watu walichanga, wakapata hisa, hisa ikageuka kuwa ploti. Magharibi mwa mji ndivyo ilivyotokea Kaptembwa na jirani yake Rhonda. Mwenye hisa hakuwa na haja ya bustani. Alikuwa na haja ya kodi, kwa sababu viwanda vya mji vilikuwa vinaita watu: pareto, mablanketi, mafuta ya kupikia, unga, betri. Akajenga safu mbili za vyumba zikitazamana, uwanja mwembamba katikati, choo mwisho, geti la mabati mbele. Sura hiyo ndiyo utakayoikuta leo, isipokuwa sasa wengine wamepanda juu kwa ghorofa.

Faida yake ni kwamba mkataba uko wazi kama kununua mkate. Landilodi wa Kaptembwa haulizi kwenu ni wapi wala babako ni nani. Mara nyingi hata haishi hapo. Kodi unatuma kwa M-Pesa, tarehe tano ikipita mlinzi wa ploti anagonga mlango. Vyumba hupatikana upesi, na ukitaka kuhama unapakia mkokoteni mmoja na maisha yanaendelea. Lugha ya ploti ni Kiswahili, si kwa uzalendo, bali kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo mlango wa kwanza na wa kumi na mbili zinaelewana. Mke wa mtoto wetu ni Mkamba. Kaptembwa hakuna atakayeligundua hilo hadi mwezi wa tatu.

Hasara ni upande wa pili wa jambo lile lile. Mtaa ambao watu wote wamekuja kwa kazi hubadilika kazi ikibadilika. Pareto ya Kenya ilipoanguka na kiwanda cha betri cha Eveready kilipofunga Nakuru mwaka 2014, waliokuwa na mshahara wa mwezi wakapungua, na vyumba vile vile vikajaa waendesha bodaboda, wajenzi, wafua nguo na wachuuzi wanaolipwa kwa siku. Dukani utaona: sukari hufungwa kwa vipimo vya shilingi kumi, mafuta hupimwa kwa kikombe. Mwenye mshahara wa mwezi kama kijana wetu anakuwa benki ya ploti bila kuomba kazi hiyo.

Na kuna mambo ya ardhi. Nakuru imebanwa: Menengai kaskazini, hifadhi ya taifa ya Ziwa Nakuru kusini. Mji hukua kwa kunyooka mashariki na magharibi, na watu huzidi: sensa ya 1999 ilihesabu takriban 220,000, ya 2019 ikapita 570,000. Udongo ni wa volkeno, mvua kubwa ikinyesha ardhi huweza kupasuka mstari mrefu, hasa upande huo wa magharibi. Kule Mwariki ziwa lenyewe lilipanda likaingia majumbani. Kabla ya kulipa dipoziti, tazama kuta za ploti na za jirani. Ufa wa plasta ni wa kawaida. Ufa unaoingiza kidole na kuendelea hadi kwenye sakafu si wa kawaida.

Manyatta: mtaa wa dala

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea.

Mzungu alipima mji wa Kisumu akaacha Waafrika nje ya mpaka. Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani zilibaki kuwa vijiji vinavyopangisha vyumba kwa vibarua wa mjini, bila barabara za kupimwa wala mabomba. Mpaka ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji vikajikuta ndani ya manispaa pamoja na wenyewe, ng'ombe wao na makaburi yao. Ndiyo maana Kisumu si kama Kibera, ambako ardhi ni ya serikali. Manyatta ina hatimiliki, na hatimiliki ina ukoo.

Kwa hiyo ukipanga Manyatta hupangi ploti tu. Unaingia kwenye dala ya mtu, yaani boma la familia ya Kijaluo. Nyumba ya mzee iko katikati au mbele, vyumba vyako viko pembeni, vingine vya udongo uliopigwa plasta ya saruji na mabati juu. Kaburi la babu lina vigae, na watoto huanika nguo za shule juu ya ukingo wake. Wajaluo wana neno la kale, jadak, mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya wengine. Alilima, alioa, alizaa, lakini ardhi haikuwa yake, na akikosana na wenyeji aliweza kuambiwa aende. Mimi nimekuwa jadak mwenye risiti za kodi kwa zaidi ya miaka 20, na sioni neno jingine linalonifaa zaidi.

Si maisha mabaya. Mama landilodi wangu wa kwanza alinilelea mtoto nilipokuwa nauza nguo soko la Kibuye, hakutaka hata senti. Alitaka nimsalimie kwanza asubuhi kabla sijaongea na mtu mwingine yeyote pale uani. Nilipochelewesha kodi mwezi mzima alinisubiri. Kaptembwa nani angekusubiri mwezi? Lakini mume wake alipofariki, mwanawe mkubwa alikuja kuchukua kodi, nikalipa, na wiki iliyofuata mdogo wake akaja na daftari lake. Nililipa mara mbili, nikahama ya tatu. Kwa hiyo Manyatta swali la kwanza kwa landilodi, ukiuliza kwa adabu, ni kama mzee yu hai, na kama hayupo, watoto wameshagawana vyumba au bado.

Lugha: utahitaji Kijaluo. Kiswahili kitakununulia kila kitu, lakini hakitakuketisha. Sisi Waluhya tumezoea; wengi wetu tulikua tukisikia lugha zote mbili, na jioni nusu ya Kondele, pale penye stendi na maduka karibu na Manyatta, hupanda matatu za Kiboswa, Majengo na Mbale kurudi kulala kwao. Hilo nalo ni jambo la kulinganisha. Nakuru, mtu wa Vihiga huenda nyumbani Krismasi. Kisumu huenda Jumamosi mchana kuchukua ndizi na kuku, na Jumapili usiku amerudi. Mwenye mtoto mchanga ajue uzito wa hilo: nyanya yake yuko chini ya saa moja.

Nyalenda ni ndugu wa Manyatta, ila iko chini zaidi, karibu na majimaji ya ziwa. Kodi hushuka kadiri unavyoteremka, na mto Auji nao hushuka na wewe. Mvua za masika zikija utaelewa kwa nini kitanda cha jirani kimesimama juu ya matofali.

Obunga sikushauri upange, ila nenda uone. Viwanda vya minofu ya mbuta (sangara) vilipokuwa vikisafirisha samaki Ulaya, mifupa na kichwa ndivyo vilivyobaki nchini, na wanawake wa Obunga wakavigeuza kuwa biashara: huikaanga ile mifupa na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Mtaa mzima ulijengwa juu ya kile ambacho mnunuzi wa mbali hakukitaka. Kwa ugali wa moto, na pilipili, si haba.

Kazi ikipotea, uchaguzi ukija

Hapa ndipo ulinganisho unauma.

Nakuru, kwa kuwa hakuna mwenyeji anayekubalika na wote, kila uchaguzi mkali huuliza upya swali la nani ni mgeni. Januari 2008 swali hilo liliulizwa kwa mapanga. Uwanja wa Afraha na ule wa maonyesho ulijaa waliokimbia, na Kaptembwa ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Baada ya hapo watu hawakurudi wote walikokuwa. Wengi walihamia penye watu wao. Mitaa iliyochanganyika miaka ya tisini ilikuwa na mchanganyiko mdogo zaidi baadaye, ingawa vyumba vikiwa vitupu landilodi husahau upesi.

Kisumu nayo ilifukuza wageni wake. Maduka yalichomwa, wafanyabiashara kutoka Mkoa wa Kati wakaondoka. Lakini pia ilipokea: wafanyakazi wa Kijaluo wa mashamba ya maua Naivasha na wa viwanda Nakuru walirudi "nyumbani", baadhi yao wakiwa hawajawahi kuishi huko hata siku moja. Ploti yetu ilipokea familia tatu ndani ya mwezi mmoja. Mama mmoja alizaliwa Nakuru kama mimi. Kijaluo chake kilikuwa kibaya kuliko changu, na watoto walimcheka. Tangu wakati huo, kila uchaguzi, Kondele hugeuka kuwa uwanja wa mawe na gesi ya machozi, na mwenye mtoto mchanga hufunga virago kwenda Vihiga wiki moja kabla. Hilo linapangika. La Nakuru likitokea halikupi ilani, ila haliji kila mara. Chaguzi zilizofuata zilikuwa tulivu zaidi.

Joto, mbu, meno

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru inapita mita 1,800. Chini ya mabati ya Manyatta mwezi wa pili hulali, unaiva. Malaria ni ya kweli. Chandarua kwanza, godoro baadaye. Nakuru utahitaji sweta na blanketi la pili, na mtoto atakuwa na mafua Julai yote.

Maji Kisumu ni ya ziwa na ya mto Kibos, na katika mitaa kama Nyalenda kampuni ya maji huyauza kwa jumla kwa waendeshaji wa mtaani, ambao huyafikisha kwenye ploti kwa mita zao. Mfumo huu umepunguza mikokoteni ya mitungi, ingawa haujaimaliza. Nakuru shida ni nyingine. Visima vyake vingi vina floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa miaka ambayo meno yake ya kudumu yanajijenga, meno hutoka na madoa ya kahawia ambayo hayasuguliki. Ninayo mimi. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Huko ndiko Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilikoanzisha vichujio vya mkaa wa mifupa, na vinafanya kazi ukikumbuka kubadilisha mkaa wake.

Mitaa mipya

Lanet, Pipeline na Kiamunyi kwa Nakuru. Mamboleo na Riat kwa Kisumu. Nyumba nzuri, choo ndani, wapangaji wenye magari. Walimu, watu wa kaunti na wa mashirika ndio walioijenga tangu ugatuzi wa 2013. Kama mshahara unatosha, nenda, wala huhitaji makala hii. Wa kijana wetu hautoshi.

Nilichomwambia

Kama angekuwa analipwa mshahara tu, ningesema Kisumu, Manyatta, karibu na Kondele, kwa landilodi mzee aliye hai na mke mwenye sauti. Mtoto angekuwa na nyanya wawili, wa ploti na wa Vihiga. Kama ni mke wake anayetafuta biashara, hapo pia ni Kisumu. Kibuye siku ya Jumapili ni shule ya biashara isiyotoza karo.

Lakini dawa za mifugo huuzwa kwa kamisheni, na ng'ombe wa maziwa wako Njoro, Molo, Subukia na Bahati. Pikipiki yake itamlipa Nakuru. Na mke Mkamba asiye na Kijaluo wala Kiluhya atapata marafiki upesi kwenye ploti ambayo kila mtu alishuka kwenye basi akiwa na begi moja. Nimesema Kaptembwa, miaka miwili, asizidi hapo, na akiba ya kodi ya miezi mitatu iwekwe kando kwa sababu za mwaka wa uchaguzi. Nimelisema nikiwa nimekaa kibarazani Manyatta, mama landilodi akinisikia, na hakulipenda.

Jumamosi hii anakwenda kuangalia vyumba vitatu. Nimemwambia akifika kila ploti asianze na kodi. Aulize maji ni ya kisima au ya kampuni, kisha awaite watoto wanaocheza uani, awachekeshe, na atazame meno.